Yanga na Simba: Nauli ya Shabiki Iko Kanuni ya Ngapi?

Mara mbili katika miaka minne watu wamejipanga, wamelipa kiingilio na wamefunga safari kwenda kutazama mpambano wa Yanga na Simba jijini Dar es Salaam, na mara zote mbili mpambano haukuchezwa. Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya tarehe 8 Mei 2021. Mara ya pili ilikuwa Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025. Zote mbili ziliangukia ndani ya Ramadhani, kwa hiyo wengi waliokuwa njiani walikuwa na funga zao.

Baada ya kila tukio magazeti, redio na mitandao ilijaa mabishano ya kanuni. Klabu gani ilikuwa na haki, Bodi ya Ligi ilikosea wapi, TFF ifanye nini, pointi tatu apewe nani. Yule aliyetoka Mwanza kwa basi, zaidi ya kilomita elfu moja, akarudi kwa basi bila kuona mpira, hakuna aliyemuuliza kitu. Ndugu msomaji, leo naomba tumzungumzie huyo wa basi.

Kwa wale ambao mko nje siku nyingi, au watoto wetu waliozaliwa huku ughaibuni na kuijua Dar kwa picha, niseme kwanza kwamba siku ya watani wa jadi haianzi refa anapopuliza filimbi. Inaanza wiki nzima kabla. Kwenye daladala konda anataka kujua wewe ni rangi gani kabla hajakudai nauli. Fundi cherehani mwenye picha ya Simba ukutani anamwambia mteja wa Yanga kwamba suruali yake itakuwa tayari Jumatatu, tukishajua matokeo. Ofisini bosi na mfagizi wanataniana kama watoto wa darasa moja, jambo ambalo siku nyingine haliwezekani. Msibani watu wanazika vizuri, wanaomba dua, kisha kwenye jamvi mtu mmoja anauliza kwa sauti ya chini kama kipa amepona goti.

Mjomba wangu ni mtu wa Yanga. Anakaa Mtoni, wilaya ya Temeke, na ana miaka sabini. Tarehe 1 Juni 1968, Yanga walipowafunga Sunderland mabao 5-0, yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mpaka leo ukimpigia simu asubuhi ya mechi salamu yake ya kwanza ni hiyo. (Sunderland ndiyo Simba ya leo, jina lilibadilishwa mwaka 1971.) Mimi nimerithi Simba kwa upande wa baba. Huwa namjibu kwa 6-0 ya tarehe 19 Julai 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni, yule waliyemwita King, alifunga mabao matatu peke yake. Mjomba hukumbusha kwamba wakati huo mimi nilikuwa sijazaliwa. Kisha mimi nataja 5-0 ya tarehe 6 Mei 2012, naye tangu tarehe 5 Novemba 2023 ana 5-1 yake mpya kabisa, bado iko kwenye nailoni. Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Tukishamaliza, ndipo anauliza hali za watoto.

Na ni huyo huyo mtu wa Yanga aliyenishika mkono kunipeleka kwenye mechi kubwa ya kwanza maishani mwangu, mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF kati ya Simba na Stella ya Abidjan. Simba walikuwa wametoka suluhu ugenini. Nchi nzima iliamini kombe limeshafika, na Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa jukwaani. Tukafungwa 2-0. Nakumbuka kimya cha kutoka uwanjani kuliko ninavyokumbuka mabao yenyewe, maelfu ya watu wanatembea na kinachosikika ni ndala tu. Mjomba hakunicheka mpaka tulipofika nyumbani. Alisubiri nikala, nikanawa, ndipo akaanza.

Utaratibu wake wa siku ya mechi haujabadilika kwa miaka yote niliyomjua. Anaswali alfajiri, anakunywa chai ya rangi, anavaa jezi ambayo njano yake imeshakuwa kama maziwa, anachukua kofia na redio ndogo ya betri. Anatoka kwa miguu akifuata Barabara ya Kilwa mpaka Uhasibu. Mchezo unaweza kuwa wa saa kumi na moja jioni, yeye saa tano asubuhi yuko kwenye foleni. Ukimuuliza kwa nini mapema hivyo atakwambia uwanja hauwekewi miadi.

Uwanja wenyewe umebadilika majina na sura mbele ya macho yake. Aliuanza ule wa zamani, Taifa, ambao leo unaitwa Uhuru na ambao wakongwe wanauita Shamba la Bibi. Mwaka 2007 ukaja huu mkubwa wa pembeni yake, uliojengwa na Wachina, wa watu 60,000, ambao mwaka 2020 ulipewa jina la Rais mstaafu Benjamin Mkapa baada ya kifo chake. Mjomba anakaa mzunguko, sehemu ya bei ya chini kabisa. Anasema VIP watu wanakwenda kuonana, mzunguko watu wanakwenda kuona.

Nje ya geti ndiko ambako mimi ningerudi kwanza kama ningeweza kurudi. Mihogo ya kukaanga na kachumbari ya pilipili. Mayai ya kuchemsha, karanga za kufunga kwenye karatasi, kahawa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Vijana wanaopaka watu rangi usoni kwa malipo, na hawajali klabu, leo njano na kijani, kesho nyekundu na nyeupe. Mabasi ya mikoani yaliyokesha njiani, bendera zimefungwa kwenye vioo, watu wanashuka na miguu iliyovimba lakini wanaimba. Halafu uvumi. Kipa amerogwa, kipa hakurogwa, timu fulani haitapita mlango rasmi. Hilo la mlango si uvumi peke yake, maana klabu zimewahi kutozwa faini kwa kukwepa vyumba vya kubadilishia nguo kwa sababu ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezitaja.

Ndani, mjomba anaweka redio sikioni. Anautazama mchezo kwa macho na kuusikiliza kwa sikio, kwa sababu kwake yeye bao halijawa bao mpaka mtangazaji amelisema. Alilelewa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ya marehemu Charles Hilary, aliyefariki Mei 2025, anaifahamu kama anavyofahamu sauti ya ndugu yake. Sisi tulioko Uingereza tuliipata sauti hiyo hiyo kwa upande wetu, pale Charles alipokuwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC hapa London. Nilikuwa namtania mjomba kwamba mtangazaji wake nimemkuta huku.

Mimi sijakanyaga Dar tangu mwaka 2017. Kalamu yangu iliwaudhi watu ambao haifai kuwaudhi, na habari hiyo haina nafasi kwenye safu ya leo. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu aliyeko nje kwa lazima ana siku chache sana kwa mwaka ambazo anakuwa nyumbani kabisa, na siku ya watani ni mojawapo. Tunakusanyika kwa jamaa mmoja mashariki ya London, pilau inapikwa, tunafungua programu ya Azam. Picha inatufikia kwa kuchelewa. Simu ya mjomba inaita kabla mpira haujavuka mstari kwenye kioo chetu, na kwa jinsi inavyoita tunajua tayari bao ni la nani. Tumejaribu kumkataza. Hakatazwi.

Sasa turudi kwenye tarehe 8 Mei 2021. Mchezo ulipangwa saa 11 jioni, Simba wakiwa wenyeji. Siku hiyo hiyo ya mchezo ikatangazwa kwamba muda umesogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga wakasema kanuni haziruhusu mabadiliko ya ghafla namna hiyo. Wakaja saa 11 yao, wakapasha misuli, wakasubiri, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya. Mwisho likatoka tangazo kwamba hakuna mchezo. Watu walikuwa wameshakaa kwenye viti tangu mchana, na waliofunga walifuturu humo humo kwa tende na maji ya chupa. Mechi ilichezwa tarehe 3 Julai, Yanga wakashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya, na mambo yakaishia hapo.

Tarehe 8 Machi 2025 wenyeji walikuwa Yanga. Mchezo huo, namba 184 katika ratiba ya ligi, ulipangwa kuchezwa usiku. Siku moja kabla, Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Mkapa, haki ambayo kanuni inampa mgeni, na wakatangaza kwamba hawatacheza. Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha siku yenyewe ya mchezo. Yanga wakafika uwanjani hata hivyo, kuonyesha kwamba wao walikuwa tayari. Kisha Yanga nao wakasema hawatacheza tena mchezo namba 184, suala wakalifikisha mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi, CAS, wakaambiwa wamalize kwanza ngazi za nyumbani.

Usiku ule kwa mjomba walikuwa wamelala wageni sita. Ndivyo ilivyo kila mwaka, nyumba yake ni hoteli ya watani. Jamaa wa Mwanza, wa Tabora, mmoja wa Mbeya, wengine Yanga na wengine Simba, wote kwenye majamvi sebuleni. Walikuwa wameshakula futari, wamevaa jezi, wamekaa. Nilipopiga simu nilikuta ubishi umepamba moto, nusu ya sebule inatetea Bodi na nusu inailaani, kila mmoja anataja namba ya kanuni kama wakili. Mjomba akachukua simu akatoka nayo nje. Akaniambia: "Mjomba, wewe umesoma. Hebu niambie, nauli ya wageni wangu iko kanuni ya ngapi?"

Nimelichukua swali hilo kama lilivyo, na nimekaa nalo muda mrefu.

Kila mwenye mkono katika mchezo huu ana karatasi yake. Wachezaji wana mikataba. Wadhamini wana mikataba. Azam Media mwaka 2021 ilisaini na TFF mkataba wa haki za televisheni wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hakuna ubaya hapo, fedha hizo zimeifanya ligi ya Tanzania itazamwe mpaka mashariki ya London. Lakini televisheni inalipia nini? Inalipia kelele za watu 60,000. Uwanja ukiwa mtupu hata mechi nzuri inaonekana kama mazoezi, tulishuhudia wakati wa korona. Mwenye kelele hana karatasi.

Ajabu ya mwaka 2021 ni hii. Siku sita tu kabla ya kadhia ile ya Dar, Jumapili ya tarehe 2 Mei, hapa Uingereza nako mechi ya watani iliahirishwa, Manchester United na Liverpool. Viwanja vilikuwa bado havina watazamaji kwa sababu ya korona. Mashabiki wa United wakaingia Old Trafford kwa nguvu mpaka kwenye nyasi, wakiwapinga wamiliki wa klabu yao wenyewe, waliokuwa wameiingiza kwenye mpango wa Super League wiki mbili nyuma. Mpango huo ulitangazwa tarehe 18 Aprili na haukudumu siku tatu, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya hasira za mashabiki. Sisemi watu wavunje milango, na siku ile askari waliumizwa, jambo ambalo halina utetezi. Nasema tu angalia tofauti: Manchester shabiki alisimamisha mchezo na wakubwa wakahangaika. Dar es Salaam wakubwa walisimamisha mchezo na shabiki akabaki kwenye kiti na tende mkononi.

Kuna mfano wa upole zaidi. Tarehe 6 Februari 2016 mashabiki wa Liverpool waliokasirishwa na tiketi ya pauni 77 walisubiri mpaka dakika ya 77, wakainuka na kutoka uwanjani, inakadiriwa watu 10,000. Timu yao ilikuwa inaongoza 2-0. Mpaka filimbi ya mwisho ilikuwa 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na kuiondoa bei hiyo. Waliotoka nao sare siku ile, kama mnataka kujua, ni Sunderland. Nilimwambia mjomba, akasema basi hata huko Sunderland wanaokoteza pointi.

Kwa nini kwetu haiwezekani? Wengi watasema umaskini, au polisi, au kwamba Mswahili ni mvumilivu. Mimi sikubali. Ninavyoona mimi, kinachotufunga ni utani wenyewe, ule ule tunaoupenda. Mwaka 2021 mtu wa Simba alisema Yanga wamekimbia. Mwaka 2025 mtu wa Yanga alisema Simba wamekimbia. Kila mmoja alijua kwa moyo makosa ya viongozi wa upande wa pili na akawasamehe wa kwake kabla hawajaomba. Shabiki wa Manchester siku ile alimgeukia mwenye klabu yake. Wa kwetu anamgeukia jirani yake kwenye jamvi, ambaye naye amepoteza nauli ile ile. Tumekuwa mawakili wa viongozi, tena mawakili wasiolipwa, na wao wanalijua hilo. Kiongozi anayejua kwamba akikosea atapata watetezi milioni kadhaa kabla ya jua kuzama, atahangaikia nini nauli ya mtu wa Tabora?

Na hili halihusu fedha peke yake. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger, watu walikanyagana kwenye kuingia Uwanja wa Mkapa. Mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa. Mchezo ukachezwa, Yanga wakafungwa 2-1, na Jumatatu tulikuwa tukijadili mabao. Marehemu yule alikwenda kutazama mpira. Hapa Uingereza familia za watu waliopoteza maisha kwa sababu ya Hillsborough, mwaka 1989, zilihangaika miaka 27 mpaka baraza la uchunguzi likatamka mwaka 2016 kwamba wapendwa wao waliuawa isivyo halali. Mashabiki wa Everton, watani wao wa mji mmoja, walisimama nao. Hapo utani uliwekwa pembeni bila kufa, maana baadaye waliendelea kuzomeana kama kawaida.

Sheria za nchi yetu zinatambua kwamba klabu hizi zina wenyewe. Kanuni za serikali kuhusu uwekezaji zinataka wanachama wabaki na angalau asilimia 51. Kwa maandishi, basi, mjomba na wenzake ndio wenye mali. Sasa ni mwenye mali gani huyo ambaye mkutano mkuu ukifika anaulizwa rangi ya jezi na usajili, lakini hajawahi kupewa ajenda moja inayosema mchezo ukifutwa siku yenyewe, aliyesafiri analipwa nini na nani? Kanuni ya ligi inaweza kuandikwa jioni moja. Klabu au chombo kilichosababisha mchezo usifanyike kilipe viingilio vyote na fidia juu yake, na tangazo la kuahirisha likitoka saa chache kabla ya mchezo adhabu iwe kubwa zaidi. Faini za sasa hazimfikii aliyesafiri. Wanaozipokea hawakupanda basi.

Mchezo namba 184 ulichezwa hatimaye Jumatano ya tarehe 25 Juni 2025. Siku ya kazi. Yanga walishinda 2-0, penalti ya Pacome Zouzoua na bao la Clement Mzize, wakachukua ubingwa kwa msimu wa nne mfululizo. Kwenye sebule yetu ya London simu yangu haikuita kabla ya mabao. Nilidhani mtandao una matatizo.

Jioni nikapiga mwenyewe, nimejiandaa kusomewa 1968 yote. Mjomba alikuwa nyumbani. Hakwenda. Alikaa barazani na redio yake, peke yake, kwa sababu wageni wa mikoani safari hii hawakuja. Aliniuliza kama huku joto limeanza, akauliza mdogo wangu amepata kazi, akaniambia bei ya unga. Ilibidi mimi ndiye nimkumbushe kwamba wao ni mabingwa. "Ndiyo," akasema, "tumeshukuru."

Kabla ya kukata simu akaniambia jamaa wa Mwanza amempigia asubuhi ile. Anauliza ratiba ya msimu ujao ikitoka, akate tiketi ya basi mapema wakati bei iko chini, au asubiri. Mjomba amemwambia asubiri.